Neno la Siri la Wambura

Lennox alifika Mitunguu kutoka Embu na mfuko wa diski begani, akauliza kompyuta iko wapi kabla hata ya kukaribishwa maji. Alikuwa fundi wa mitambo wa hospitali kubwa ya kanisa kule Embu, mtu wa mtaa wa Dallas mjini humo, shati limechomekwa vizuri, na joto la huku chini lilikuwa limekwisha kumloanisha mgongo. Wambura, karani wa rekodi wa zahanati, alimwonyesha meza iliyokuwa nyuma ya kabati la kadi. Alijaribu kutabasamu.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tisa. Zahanati ya Mitunguu ilikuwa tawi la hospitali hiyo ya Embu, na haikuwa na maabara yake yenyewe. Damu ya wagonjwa ilitolewa pale, ikatiwa kwenye sanduku la barafu, ikapelekwa Embu kwa gari, na majibu yakarudi na gari hilo hilo ndani ya bahasha. Bahasha nyingine zilifika zimelowa. Nyingine zilifika zimefunguka gundi, na hakuna aliyejua zilifunguka vipi. Kwa malaria na taifodi si neno. Lakini miaka ile kulikuwa na kipimo kingine, kile ambacho watu walikitaja kwa kushusha sauti, na kwa kipimo hicho bahasha iliyofunguka ilikuwa inatosha kuvunja nyumba.

Wambura alikuwa ameona nyumba ikivunjika. Jirani yao kule nyumbani Siakago, Kagure, alifiwa na mume, neno likavuja kwamba naye anao, na kabla matanga hayajapoa akaonekana njiani akirudi kwao na godoro kichwani. Watoto walibaki kwa jamaa za baba yao. Kikombe alichokuwa akinywea kilitupwa shimoni.

Sasa Wambura mwenyewe alikuwa mjane. Kivuti, mumewe, alizikwa mwezi wa Machi baada ya kukohoa na kukonda hadi suruali zake zikawa zinafungwa kwa kamba. Kwa midomo watu walisema ni kifua kikuu, na kwa macho wakasema lile lingine. Aprili, Sista Purity, mkuu wa zahanati, alimwita pembeni. "Mama Gedi, wewe unapangia watu siku za kupimwa kila wiki. Na wewe je?" Wambura akanyoosha mkono, sindano ikaingia, damu yake ikasafiri na za wengine hadi Embu. Huko ndiko jibu lilikokuwa, likingoja.

Ndiyo maana tabasamu lilikuwa limemshinda. Lennox alikuja kufunga kitu ambacho kingemwezesha kulisoma jibu hilo akiwa amekaa kwenye kiti chake.

"Hii inaitwa tunnel, madam," Lennox alisema akiingiza diski ya kwanza. "Handaki. Sasa, simu ya kawaida ni kama mtaro. Maji yakipita, kila mtu anachota, anaosha miguu, ng'ombe anakunywa. Lakini handaki ni kama yale mabomba yenu ya kunyunyizia ndizi. Linapita chini ya shamba la kila mtu na hakuna mtu anaona ni nini iko ndani. Maji yanatokea kwa bomba lako tu."

Wambura aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba mabomba ya Mitunguu hutobolewa kila msimu wa kiangazi, tena na majirani wanaoketi benchi moja kanisani.

Modemu ilipiga mlio, ikakwaruza, ikanyamaza. Kwenye skrini zikatokea herufi na tarakimu zisizo na maana. Lennox akainua simu ya pili, ile ya chumba cha dawa, akampigia mwenzake wa Embu, wakasomeana herufi hizo moja moja kama watu wanaosomeana majina ya maiti. Hiyo, alieleza, ilikuwa alama ya kompyuta ya Embu. Siku alama ikibadilika bila yeye kumwambia, asiingie, kwa sababu upande wa pili atakuwa ni mtu mwingine anayejifanya Embu.

"Mtu mwingine nani?" Wambura aliuliza.

"Yeyote." Lennox aliinua mabega. "Sasa chagua paswadi. Neno la siri. Usiniambie hata mimi. Usiliandike kwa kikaratasi ubandike hapa kwa skrini, hiyo nimeona kwa ofisi nyingi sana. Chagua kitu hakuna mtu wa hapa anaweza kujua."

Mtu wa hapa. Wambura aliyashika maneno hayo mawili. Watu wa hapa walikuwa Waimenti, na yeye alikuwa Mmbeere aliyekuja kufuata kazi. Mwanawe wa kwanza, huku aliitwa Gedi, kwa kifupi cha Gedion, shuleni Gedi, kanisani Gedi, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake la nyumbani. Lennox aligeuza uso dirishani kwa adabu. Wambura akaliandika jina hilo, *Mwaniki*, huku mabati ya zahanati yakilia kwa jua.

Ikakubali. Kuanzia siku hiyo, kila Jumanne na Ijumaa, Wambura alibofya picha ndogo ya ufunguo, akangoja modemu imalize makelele yake, akaandika neno lake, na orodha ya wagonjwa wa Mitunguu ikashuka kutoka Embu. Alifungua jibu la kila mmoja, akalichapa, akalifunga, akampelekea Sista Purity naye akawaita wenyewe chumbani. Jibu likishafunguliwa, mashine iliweka maandishi kando ya jina: limesomwa, na limesomwa na nani.

Jina lake lilikuwa la tatu kutoka chini. Hakulifungua. Wiki ya kwanza alijiambia ana kazi nyingi. Ya pili alijiambia atalifungua Ijumaa. Ilipofika Ijumaa alifunika sehemu ile ya skrini kwa kiganja, akafungua ya wengine wote. Sista Purity alipouliza, "Yako bado?" alijibu, "Bado, Sista," bila kumtazama. Wewe unayesoma unaweza kumcheka. Lakini mwanamke huyu alikuwa na watoto wawili wa kuwaamsha kila asubuhi, na alihisi kwamba maadamu jibu limefungwa, ana nguvu za kuwaamsha. Likifunguka, hakujua atainukaje.

Kisha ikaja Jumanne moja ya Juni. Modemu ikalia, neno likakubaliwa, na juu ya skrini, pale ambapo mashine huandika siku ya mwisho ulipoingia, Wambura akasoma: Jumamosi, alasiri.

Jumamosi alasiri alikuwa Nkubu kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alikuwa ameimba. Watu walimwona akiimba.

Alishuka kwa macho hadi jina la tatu kutoka chini. Kando yake palikuwa na maandishi mapya: limesomwa. Limesomwa na nani? Na Wambura.

Alikaa hapo mikono ikiwa mapajani. Mashine ilikuwa inaapa kwamba yeye mwenyewe alikuja Jumamosi, akakaa kwenye kiti hiki, akafungua jibu ambalo amelikimbia kwa majuma, akalisoma, akaondoka. Mtu alikuwa amevaa jina lake kama leso. Majibu ya wengine hayakuwa yameguswa. Huyu mtu hakuja kuchungulia zahanati. Alikuja kumtafuta yeye.

Lennox alikuwa amesema, ukiona kitu chochote si cha kawaida, piga simu siku hiyo hiyo. Wambura aliinua simu na kuirudisha. Angesema nini? Kwamba neno la siri aliloambiwa asimpe mtu limejulikana? Kazi ingekwenda, na kazi ndiyo iliyokuwa ikimtenga na godoro la kichwani. Akachapa majibu ya siku hiyo, akayapeleka, akanyamaza. Hilo lilikuwa kosa, na alijua ni kosa wakati akilifanya.

Siku zilizofuata hazikuwa na amani hata kidogo. Mwanamke mmoja mferejini alisogeza ndoo yake, labda kumpisha tu, naye Wambura akaona amekwepwa. Mwenye duka alimrudishia chenji kwa kuiweka kwenye kaunta badala ya mkononi. Sista Purity alimuuliza kama analala vizuri. Kila mtu alikuwa anajua, au hakuna aliyekuwa anajua, na hakuwa na njia ya kutofautisha. Nyumbani alianza kunywea kikombe kimoja cha bati na kukiosha peke yake, kabla hajaambiwa na mtu. Alipojigundua akifanya hivyo, aliketi kando ya jiko la mkaa lililozima na kulia akiwa ameziba mdomo kwa kanga, watoto wasisikie.

Angeweza sasa kulifungua jibu hilo. Limekwisha kusomwa, lisomwe tena. Lakini woga hauna hesabu hiyo. Alijikuta anaogopa mara mbili: anaogopa lililoandikwa, na anaogopa aliyelisoma.

Alhamisi macho yalimfumbuka, na si kwa ujanja wowote. Runji, dereva wa zahanati, alikuja kuchukua sanduku la barafu. Runji alikuwa mdogo wake Kivuti, shemeji yake wa damu. Ndiye aliyemsaidia Wambura kupata kazi hapa. Kila Jumanne na Ijumaa alikaa kwenye benchi nyuma ya meza yake akisubiri mzigo, akitazama picha ya ufunguo ikibofywa. Mwishoni mwa wiki ndiye aliyekaa na funguo za zahanati, kwa sababu gari lililazwa ndani ya ua. Siku hiyo alilibeba sanduku bila ule utani wake wa kila siku. Hakumwita "bibi yangu" kama mashemeji wanavyotaniana. Alipita akiambaa ukuta, macho chini.

Na hapo Wambura akaona upumbavu wake wote kwa mara moja. Wambeere, kama Waembu, humpa mtoto wa kiume wa kwanza jina la babu mzaa baba. Hakuna anayeuliza. Jina la mtoto linajulikana kabla mama hajabeba mimba. Watu wa hapa hawakulijua jina la Mwaniki, kweli. Lakini Mwaniki mwenyewe, yule wa kwanza, mzee aliyezikwa Siakago chini ya mti wa mizinga yake, alikuwa baba yake Runji. Wambura alikuwa amefunga mlango kwa jina la baba wa mwizi.

Jumapili, watoto wakiwa bado kwenye masomo ya kanisani, mlango uligongwa. Alikuwa ni Runji, na mbele yake mama mkwe wa Wambura, Wanjira, aliyekuwa hajawahi kukanyaga Mitunguu. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisa na amebeba kibuyu cha asali.

Wambura aliwakaribisha kwa Kimbeere na hakuisikia sauti yake mwenyewe. Wamekuja, aliwaza. Wamekuja kuwachukua watoto, na wameleta asali ili watoto wafuate kwa hiari. Alikoroga chai. Wambura alimimina vikombe viwili vya kauri vya wageni na chake kile cha bati, akakiweka mbali kidogo na vingine.

Wanjira alikitazama kikombe cha bati. "Mbona unakunywa kwa hicho?"

"Ni hicho tu kimebaki, Maitu, mama yangu."

"Viko vingine pale kwa rafu." Ajuza akavuta pumzi. "Mwanangu, keti. Nimetoka mbali na sina maneno mengi. Runji ameangalia kwa hiyo kompyuta yenu. Ameona damu yako. Wewe hauna huo ugonjwa."

Wambura aliketi. Kwa muda hakusikia chochote, si kuku wa jirani wala maji yaliyokuwa yakirusharushwa kwenye ndizi nyuma ya nyumba. Kisha machozi yakaja bila ruhusa, mengi, ya furaha tupu, akajifunika uso na leso. Yu mzima. Atawaamsha watoto kesho, na keshokutwa. Habari ya damu yake ilikuwa imetoka mkononi mwake, ikapita Embu, ikazunguka hadi Siakago, ikamrudia nyumbani kwake kwa mdomo wa mama mkwe, na yeye ndiye wa mwisho kuijua.

"Ulijuaje lile neno?" alimuuliza Runji alipoweza kusema.

Runji alikuna kidevu. "Niliandika jina la Baba. Ikafunguka. Sikujaribu lingine." Halafu, kama mtu anayejitetea: "Sasa wewe ungeandika nini?"

Kumbe Wanjira hakuwa amemaliza. "Tulitaka kujua kwanza," alisema, akiweka mikono magotini. "Mwanamke hawezi kukaa hivyo, na watoto wa Kivuti hawawezi kulelewa na mtu wa nje. Runji hana bibi. Kwa vile wewe ni msafi, tumeonelea akuchukue."

Furaha ikaganda. Wambura alimtazama shemeji yake, kijana mrefu mwenye koti jipya, dereva anayelala Chuka leo, Embu kesho, Meru mjini uwanjani Kinoru siku ya mpira, na ambaye vicheko vya wanawake vilimfuata kila gari liliposimama. Hakuna aliyemuuliza yeye Wambura lolote. Walimchungulia damu kama mtu anavyomfungua mbuzi mdomo sokoni. Hasira ikamtoa woga wote kwa pumzi moja.

"Na wewe je, shemeji?" alisema. "Yako iko wapi?"

"Yangu nini?"

"Damu. Mimi mmeniangalia. Wewe nikuangalie wapi?"

Runji alicheka kidogo. "Mimi ni mzima. Unaniona."

"Kivuti pia nilikuwa namwona."

Ajuza alimgeukia mwanawe polepole, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akaonekana kuogopa. "Atatoa," alisema. "Runji, utatoa."

Jumatatu asubuhi Wambura alimpigia Lennox na kumwambia kwamba neno lake la siri limekisiwa, na kwamba amechelewa kusema. Lennox akamkaripia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Alipouliza ni nani, Wambura alijibu, "Ni mtu wa nyumbani," naye Lennox, aliyetaka handaki lake liwe safi kuliko alivyotaka kichwa cha mtu, akafunga mlango wa zamani na kumfungulia mpya. Sista Purity alichukua funguo za zahanati zikabaki kwake. Wambura akaandika neno jipya, ambalo si jina la mtoto, wala la mzee, wala la mtu yeyote aliyezaliwa Mbeere. Hata mimi ninayesimulia silijui.

Siku hiyo hiyo Runji alikunja mkono wa shati mbele ya Sista. Chupa ya damu yake ikatiwa kwenye sanduku la barafu pamoja na za wagonjwa, naye mwenyewe akaibeba, akaiweka nyuma ya kiti chake, akaiendesha hadi Embu. Wanasema siku hiyo aliendesha taratibu sana.

Ijumaa alikuwa kwenye benchi yake mapema. Siku hiyo hakuwa na mzigo wa kusubiri. Alikuwa amekalia viganja vyake. Modemu ilipoanza kulia aliinuka, na Wambura, bila kugeuka, akamwambia akasimame mlangoni.

"Shemeji," Runji alisema kwa sauti ya chini. "Nimeshindwa kula tangu Jumatatu. Hata usingizi. Sikujua mtu anaweza kuogopa hivi. Ulikaaje na hii kitu miezi yote?"

Orodha ilishuka. Jina la Runji lilikuwa la kwanza kabisa, na Wambura akalifungua, kwa sababu ilikuwa kazi yake.

Anao.

Alilisoma mara mbili. Alisubiri hasira ya Jumapili imsaidie, haikuja. Akilini alimwona Wanjira akipanda gari la kurudi Siakago, mama aliyebakiwa na mtoto mmoja wa kiume. Akamwona huyu, aliyembeba Kivuti mgongoni hadi chooni miguu yake iliposhindwa, aliyeiba neno la siri na kumletea uhai wake ndani ya kibuyu cha asali. Moyo ulimwuma kama vile ni Kivuti anayekufa upya. Alichapa karatasi, akaikunja, akaifunga ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha hakuwa na la kufanya ila kugeuka.

Runji alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Hakutazama bahasha. Alimtazama usoni, akitafuta, kwa macho ya mtu ambaye mara hii hana neno la kujaribu.

"Niambie tu," alisema. "Wewe niambie."

"Sista atakuita," Wambura alisema, na akauzuia uso wake usimwambie kitu.